Serikali Haivuki Ziwa kwa Jino Moja

Ninyi vijana wa hapa Mamboleo mna tabia moja nzuri: mkisikia jambo kwenye redio hamnyamazi. Juzi mlikuja kwangu watatu, mkakaa kwenye benchi langu, mkanywa chai yangu yote, halafu mkaniuliza kwa nini mtu mmoja akikimbilia nchi nyingine anarudishwa na pingu mikononi, na mwingine anaachwa azeekee huko. Nilipoanza kuwajibu, simu ya mmoja wenu ikalia, mkaondoka mbio. Basi nimeamua kuandika, mtasoma simu zikinyamaza.

Jina langu ni Perez. Mnaniita Mama Perez, ingawa Perez ni mimi mwenyewe, sina mtoto wa jina hilo, ila nimechoka kuwasahihisha. Nilikuwa mkalimani wa mahakama mjini Kisumu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kizimba na kuhamisha maneno: ya hakimu yaingie katika Dholuo, ya mshtakiwa yaingie katika Kiingereza, na Kiswahili kikae katikati tukielewana sote. Mimi si wakili. Nikikosea kipengele, waulizeni waliosoma sheria, nao wawanyweshe chai.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Wafula, karani mkuu wa masjala, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Mwezi wangu wa kwanza alisimamishwa kizimbani bibi mmoja wa Nyalenda aliyekamatwa na chang'aa. Yule bibi alimtazama hakimu akasema kwa Dholuo kwamba hawezi kuhukumiwa na mtoto wa juzi aliyenyolewa vibaya. Mimi, kwa adabu niliyotoka nayo kanisani, nikatafsiri: "Anasema mheshimiwa bado ni kijana." Nusu ya watu mle ndani walijua Dholuo. Walicheka mpaka askari akapiga ukelele. Hakimu akaniuliza wanacheka nini, nami nikainamia daftari langu, na kweli alikuwa amenyolewa vibaya.

Mchana Mzee Wafula akaniita masjala. "Perez, wewe ni bomba," akasema. "Maji yakiingia machafu, yatoke machafu. Nani amekutuma kuchuja?"

"Nilimwonea hakimu haya, Mzee."

"Hakimu ana mshahara wa kutukanwa. Na jambo lingine, sikia. Ukikuta karatasi ina mahali hapajaandikwa, usijaze kwa kichwa yako. Simama, uliza. Soma hata mahali hapajaandikwa."

Nililiandika neno lile nyuma ya daftari langu. Wakati huo sikujua litanifaa lini.

Sasa turudi kwa swali lenu. Maombi ya kumrudisha mtu hayakuwa mengi, lakini sisi tuko kando ya ziwa, na mtu akiharibu mambo huku anaweza kuwa Uganda au Tanzania kabla faili lake halijafunguliwa. Na wao vilevile wakiharibu kwao wanakuja kwetu. Zamani maombi yalifika kwa bahasha nene yenye muhuri wa nta nyekundu, na Mzee Wafula aliinusa kwanza kabla ya kuifungua, sijui alikuwa akitafuta nini. Siku hizi yanaingia kwenye kompyuta na hakuna cha kunusa. Nimeona wasichana wa masjala wakiyafungua huku wanakula mandazi, nami nikaikumbuka ile bahasha.

Watu wengi hudhani mahakama ya huku inauliza kama yule mtu alifanya au hakufanya. Hapana. Hiyo ni kazi ya mahakama inayomwita. Ya huku inauliza, kwanza, ni huyu kweli? Halafu, hilo wanaloliita kosa kule, na huku ni kosa? Maana huwezi kumtoa mtu kwa jambo ambalo angelifanya hapa sokoni watu wakapita tu. Tena kosa lenyewe liwe na uzito. Karatasi ziwe na ushahidi wa kumfanya mtu ajibu, si uvumi. Na akifika, ashtakiwe kwa lile lile waliloliandika, wasimwombe kwa wizi kumbe wana hasira naye ya siasa. Mzee Wafula alikuwa akiyahesabu haya kwa vidole, na vidole vikiisha anakamata kalamu.

Hata hilo la kwanza, la kumjua mtu, msilidharau. Mara moja ililetwa hati ya kumkamata mzee fulani, na mahali pa alama imeandikwa: hana meno sita ya chini. Aliyeiandika aliona amepata alama kubwa. Askari aliyepewa kazi hiyo hakuwa mtu wa huku, akaenda kituo cha magari akaturudia na wazee wanne, mmoja wao mzee wa kanisa aliyekuja mjini kuchukua miwani. Wajaluo wa rika lile waling'olewa meno hayo sita wakiwa vijana, ndiyo ilikuwa desturi. Mzee Wafula akamwambia yule askari, "Bwana, ukiendelea hivi utatuletea wazee wote kutoka hapa mpaka Sondu." Wazee wale walipewa viti, na mmoja akaniuliza kama mahakama inatoa uji.

Mnacheka. Mimi pia nilicheka, maana nilikuwa bado na ndugu yangu.

Okello alinifuata kwa kuzaliwa. Tulilelewa Nyalenda, ingawa nyumbani kwetu hasa ni Nyakach. Alikuwa akishona nyavu ufuoni, mikono yake ilikuwa na harufu ya nailoni na samaki, na alikuwa na mdomo: angeweza kukuchekesha matangani. Siku moja alikosana na mwenzake juu ya wavu, akampiga ngumi, jino likatoka. Alishtakiwa katika mahakama ile ile niliyofanya kazi. Siku ya kusikilizwa jina lake liliitwa mara tatu na hakuna aliyeitika. Alikuwa amevuka kwenda ng'ambo kwa mtumbwi wa wavuvi. Hakimu akatoa hati akamatwe, na faili likarudi masjala kwetu.

Mama yangu aliniuliza kila Jumapili, "Wewe si uko na serikali? Iambie serikali imlete mtoto wangu." Nikalichukua faili nikampelekea Mzee Wafula. Nikamwuliza kama tunaweza kuandika ng'ambo wamtafute, wamlete.

Mzee alifungua, akasoma shtaka, akaanza kucheka. "Kwa jino? Perez, yawa! Serikali haivuki ziwa kwa jino moja." Kisha akaona uso wangu, akalisoma jina la mshtakiwa na jina la baba, akavua miwani. "Pole, msichana wangu," akasema. "Kosa lake ni dogo mno."

Sasa niwakirie jambo ambalo sijawahi kulisema mahali popote. Nilitamani ndugu yangu awe amefanya jambo kubwa. Mungu anisamehe. Angekuwa amefanya kubwa, nchi mbili zingeandikiana barua kwa ajili yake, askari wangemtafuta ufuo kwa ufuo, wangemleta mpaka kwenye kizimba changu, nami ningesimama hatua moja kutoka kwake na kumtafsiria. Nilikuwa nimeshapanga hata neno la kwanza nitakalomwambia. Lakini hakuna serikali iliyomtaka. Sisi tu ndio tuliomtaka, na kutaka kwetu hakukuwa na muhuri.

Salamu zake zilikuja mara moja kupitia mvuvi, kwamba yuko mzima na amenenepa. Baada ya hapo, kimya. Miaka ikapita mingi, na wazee wa nyumbani wakasema tumzikie yago. Kama hamjui, yago ni ule mti wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama magogo kwenye kamba. Mtu akipotea na mwili wake usipatikane, tunda hilo linafungwa nguo, linaliliwa na kuzikwa mahali pake, ili naye apate kupumzika, na walio hai pia. Mimi nilikataa. Mimi ni mtu wa karatasi, nikawaambia wazee: hakuna cheti, hakuna kifo. Mama alinisikiliza mimi kwa sababu nilikuwa na serikali. Alikufa akiwa bado anamngoja, sahani ya Okello na sweta lake la shule vikiwa kabatini.

Ndipo, miaka kadhaa kabla sijastaafu, akaletwa Elisha.

Elisha alikuwa mkulima wa kule Sondu, mtu wa makamo, mpole, mwenye viatu vya plastiki. Alikuwa na ndugu mmoja tu, Ochola, aliyekwenda kuvua ng'ambo na kufia huko. Watu wa ufuo ule walimzika haraka kati ya makaburi mengi yasiyo na majina. Elisha alivuka kwenda kumchukua ili azikwe nyumbani. Alizunguka siku mbili akiuliza kila mtu kaburi ni lipi, akaandika jina lake kwenye kitabu cha mkubwa wa ufuo, kisha akarudi. Siku chache baadaye kaburi moja kule lilikutwa limefukuliwa na ni tupu. Na huku Sondu watu walikuwa wameshamzika Ochola kwenye jeneza lililopigiliwa misumari, wakamjengea na kijumba siku moja maana hakuwa na nyumba pale kwao, na kwa desturi mwanamume hazikwi bila nyumba yake. Habari ikavuka ziwa. Wa kule wakasema kaburi tupu ndilo la Ochola na mwizi ni Elisha, wakaomba apelekwe akajibu mashtaka.

Mama yake, Mama Dorsila, alikuja mahakamani kila mara faili lilipotajwa. Alikuwa kikongwe wa kitambaa cheupe, haelewi Kiswahili wala Kiingereza, anakaa benchi la mbele kabisa. Elisha ndiye aliyemlimia na kumpikia. Huyo akienda, mama angebaki na kuku.

Asubuhi ya kusikilizwa nilimkuta Elisha kwenye ukumbi nje ya chumba cha mahakama, askari akimsubiri anywe maji. Aliniita kwa Dholuo, sauti ya chini.

"Dada, mle ndani ya lile kaburi hakuna mtu. Ni yago."

Nikasogea karibu ili askari asisikie.

"Sikulipata kaburi lake," akasema. "Yalikuwa mengi, yote sawa, na sikugusa hata moja; hilo walilolikuta tupu silijui. Na mama alikuwa amesema kabla sijaondoka: mimi sikuzaa tunda, niletee mwanangu. Ningerudi mikono mitupu vipi? Mimi na mjomba tu ndio tunajua. Mama anajua ni Ochola."

"Sasa si uwaambie hivyo! Utarudi nyumbani leo."

"Nikisema, wewe utasema?"

Akamtazama mama yake kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilielewa. Neno lolote aseme, mimi nitalipeleka kwa Kiingereza, na maswali yote ya mwendesha mashtaka nitayarudisha kwa Dholuo, kwa sauti, hatua nne kutoka kwa kikongwe yule. Tena wangetaka uthibitisho, na uthibitisho ulikuwa kufukua mbele ya kijiji kizima.

"Nitasema kila neno," nikamwambia. "Ndiyo kazi yangu."

"Basi sitasema. Wanipeleke tu."

Nawaambia kweli, nilimwonea wivu mtu yule. Mimi nilikuwa nimemnyima mama yangu hata tunda, na huyu yuko tayari kufungwa nchi ya watu ili mama yake asinyang'anywe mtoto mara ya pili. Nikaingia mle ndani, nikasimama kando ya kizimba.

Hakimu alikuwa mwanamke, mtu wa maneno machache. Wakili wa Elisha alikuwa kijana aliyevaa suti ya kumzidi, amepewa faili siku ile ile. Nikakabidhiwa karatasi ya shtaka niisome kwa Dholuo. Ilisema mshtakiwa aliiba mwili wa marehemu Ochola, mali ya, halafu nafasi. Shtaka la wizi lina mahali pa kuandika mwenye mali. Mahali pale palikuwa peupe.

Mkalimani mvivu angeruka. Mkalimani mjuaji angejaza. Nikamsikia Mzee Wafula, ambaye wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, akiniambia nisome hata mahali hapajaandikwa. Je, niliuliza kwa sababu ya kazi, au kwa sababu ya Okello? Mpaka leo najiuliza.

"Mheshimiwa, naomba mwongozo," nikasema. "Hapa inasema mali ya, halafu hapana jina. Nimwambie mshtakiwa ni mali ya nani?"

Hakimu akaomba karatasi. Akaitazama, akamgeukia mwendesha mashtaka. "Mali ya nani?"

"Mheshimiwa, ya… ya familia."

"Familia gani? Huyu aliye kizimbani si ndiye familia?"

Yule wakili kijana akaruka kutoka kitini kama aliyekalia siafu, na kuanzia hapo sikuweza kumfuata kwa kasi. Hakimu akaahirisha wiki moja. Aliporudi alisema kwamba kwa sheria ya huku mwili wa marehemu si mali ya mtu, kwa hiyo hauibwi, na kosa lisilokuwa kosa huku halimtoi mtu. Kufukua kaburi ni kosa, ndiyo, lakini hawakumwombea hilo, na mtu hatolewi kwa jambo moja akajibie jingine. Wakitaka, waandike upya. Elisha akaachiliwa. Hakuna aliyemwuliza kilichomo kaburini, kwa kuwa mahakama ya huku haikuwa na haja ya kujua. Sentensi zile nilizitafsiri kwa sauti kubwa kuliko siku zote za kazi yangu, mpaka karani akaniangalia.

Wa kule hawakuandika tena. Sijui kwa nini.

Nje kwenye ngazi, Mama Dorsila alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vina nguvu.

"Nyathina," akaniambia, ndiyo kusema mtoto wangu, "maneno yote yamepitia kwako. Niambie wewe. Aliyelala pale nyumbani ni mwanangu?"

Elisha alikuwa nyuma yake amesimama wima. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza neno langu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "mimi hutafsiri yaliyosemwa mle ndani. Hilo halikusemwa."

Akanipigapiga kiganja. "Basi lisisemwe," akasema. "Mimi kila jioni namsimulia habari za siku. Hajawahi kulalamika."

Wakashuka ngazi taratibu, Elisha amemshika kiwiko. Mimi nilirudi ndani, nikaingia chooni nikalia kwa ajili ya mama yangu, ambaye hakuwa na mahali pa kwenda kusimulia habari za siku. Kisha nikanawa uso kwa sababu kulikuwa na kesi nyingine, ya ng'ombe.

Mama Dorsila amefariki mwaka huu. Nilikwenda Sondu kumzika. Wamemlaza karibu na Ochola, na baada ya watu kutawanyika nilimwomba Elisha ruhusa ya kuandika haya. "Andika, dada," akasema. "Ambaye hakutakiwa kusikia sasa yuko pamoja na Ochola, wataelewana wenyewe." Hapo nikamweleza habari ya Okello, tangu lile jino. Hakunipa pole. Alitelemka mtoni, akakaa huko kitambo, akarudi na tunda moja la yago begani, akaliweka mapajani mwangu. Niliogopa uzito wake.

Nilipitia masjala kabla ya kurudi nyumbani. Hati ya Okello bado iko, karatasi imekuwa ya kahawia, hakuna aliyeifuta. Bado anatakiwa. Binti wa masjala aliniuliza kama nataka ifutwe, kuna fomu yake. Nikamwambia aiache. Ni karatasi pekee duniani inayosema arudi.

Jumamosi tunakwenda Nyakach. Nimeshamwambia mchungaji na wazee, na wazee wamecheka kidogo, maana nimewachelewesha sana. Nawahitaji ninyi watatu, na mje na majembe, mimi mgongo wangu hauchimbi. Mkipita kunichukua mtaona kitu mezani kimefunikwa kwa sweta la kijani la shule, limetoboka kwenye kiwiko. Mkiniuliza leo ni nini, nitawajibu ni tunda. Jumamosi msiniulize.